"Upo?" "Nipo." Mhadhara kuhusu kutulia katikati ya mihangaiko

Asanteni, kaeni. Mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mwalimu, leo usituambie tuamke saa kumi alfajiri." Sitawaambia. Saa kumi wengine hapa mmeshawasha jiko, mnasukuma chapati za biashara. Na wale mnaokoroma saa hiyo, sina ubavu wa kuwaamsha.

Neno langu ni lilelile la siku zote, tafakari ukiwa ndani ya shughuli zako, na jibu ninalopewa ni lilelile: sina muda. Sawa. Mimi sijaomba muda wako. Nimeomba safari yako ya dukani, ambayo utaenda niombe nisiombe.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika. Tukisikia kutafakari tunaelewa kufikiri sana: ukae na suala la ada, uligeuze huku, uligeuze kule, mpaka kichwa kitoe moshi. Hilo unalifanya tayari, tena usiku, ndiyo maana hulali. Ninalosema mimi ni kinyume chake. Ukiitwa mara tatu usisikie, watu wanakuambiaje? "Ulikuwa mbali wewe!" Na jirani akikuona: "Upo?" Unajibu, "Nipo." Mara ngapi umejibu nipo na hukuwepo? Zoezi lote ni kulijibu swali hilo bila uongo. Unagundua uko mbali, unarudi. Unaondoka tena, unarudi tena, wala hujigombezi.

Naona wanaonijua wameanza kucheka. Wanajua sasa namleta mpishi wangu. Naam, namleta, na leo sikati hata kipande.

Mwaka 1223, mtawa kijana wa Kijapani aitwaye Dogen yuko China. Ana miaka 23, amevuka bahari kutafuta walimu wakubwa, na bado analala melini, bandarini. Siku hiyo anapanda mzee wa miaka 61. Amekuja kutafuta mafundisho? Hapana, amekuja kununua uyoga! Ni mpishi mkuu wa monasteri, kesho ni sikukuu, watawa wanataka kupikiwa tambi, na amesikia meli ya Wajapani ina uyoga. Ametembea kwa miguu zaidi ya kilomita 15. Ondoka Kimara sasa hivi, bila mwendokasi, mpaka Kivukoni, kwa ajili ya kiungo cha mchuzi. Na anarudi leo leo.

Kijana anamkaribisha alale. Mzee anakataa: nisipokuwepo, mlo wa kesho utaharibika. Basi Dogen, kijana msomi, anamhurumia. Mzee wangu, kwa umri huo, si bora ukae utulie, usome, kuliko kuhangaika na masufuria? Mzee akaangua kicheko. Akamwambia, kwa maana yake, kijana uliyetoka mbali hujajua bado mazoezi yetu ni kitu gani. Kisha akaaga, maana jua lilikuwa linazama na njia ni ndefu.

Dogen alibaki na aibu yake. Mwaka 1237, akiwa amesharudi Japani na kuwa mwalimu, aliandika mwongozo mzima kwa wapishi wa monasteri. Ndani yake kuna mambo ya kuosha mchele kwa mikono yako mwenyewe, ukiangalia mchele na mchanga kwa pamoja, isipotee punje.

Haya, nani hapa hajawahi kuchagua mchele? Ungo magotini, unasukuma kwa kidole punje chache chache, chuya huku, jiwe huku. Dakika 10 hizo. Juzi mimi, mwalimu wenu, nilichagua mchele simu ikiwa begani, nasikiliza habari za harusi ya watu. Mgeni wangu akauma jiwe. Nililisikia kutoka upande wa pili wa meza: ka! Akalitoa mdomoni kwa adabu, akalificha chini ya ukingo wa sahani, akasema chakula kitamu sana. Jiwe lile ndilo lililokuwa na ukweli wote kuhusu nilikokuwa.

Najua mtaniambia mzee yule alikuwa mtawa, hana ada, hana mkopo wa kikundi. Kweli. Na alikuwa na miaka mingi utawani. Sidai kwamba ungo wako utakupa alichopata yeye. Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo yake ya kutulia kwa wagonjwa kule Massachusetts mwaka 1979; siku hizi yanajulikana kuwa ya wiki 8, na mazoezi ya nyumbani karibu dakika 45 kwa siku. Mwenye dakika 45 akae, nitamshangilia. Wewe usiye nazo unazo dakika 6 za foleni kwa wakala, na sasa hivi unazitumia kuangalia picha za watu usiowapenda.

Kingine, hiki hunikera kidogo: "Mwalimu, nikitulia Kariakoo si nitaibiwa?" Jamani! Anayeibiwa Kariakoo ni yule aliye mbali. Mkoba uko begani, roho iko kwenye ugomvi wa jana. Sijasema ufumbe macho. Aliyepo anajua mkoba wake unagusa wapi, na anahisi ukiguswa. Vijana wa bodaboda nao wananielewa vibaya. Macho wazi, tafadhali, hasa nikiwa nimepakiwa mimi.

Dini? Mwenye tasbihi na mwenye rozari wote wanajua ulimi unavyoweza kuendelea na hesabu huku moyo uko sokoni. Hilo kawaulizeni mashehe na mapadri wenu, wamelisema kabla yangu, mimi silifanyi kuwa langu.

Zoezi la LUKU, umeme wa kulipia kabla, nitalisema haraka: tarakimu 20. Ziingize nne nne, usifanye kingine. Ukikosea, utajua ulikuwa mbali tangu tarakimu ya ngapi. Sijaona kipimo cha bei nafuu kuliko hicho, na umeme unapata.

Mpaka tukutane tena, kila mtu achague shughuli moja. Moja! Mara ya mwisho kuna aliyechagua saba, siku ya tatu hana hata moja. Mama wa mlangoni, wewe nimeshakuchagulia: chapati kumi za kwanza tu, simu ikae chumbani. Zikiungua usinitaje. Haya, maswali.