Lenzi ya Ngoma za Usiku: Mhadhara kwa Wapiga Picha wa Mtwara

Wakubwa shikamooni, na vijana habari za jioni. Kabla hatujakaa, wengi mmenifuata na swali moja: ninunue lenzi inayovuta hadi wapi? Naomba tuanze kwingine. Kwa picha za jukwaani usiku, uliza kwanza lenzi inafungua tundu, yaani mlango wa mwanga ndani yake, kiasi gani. Umbali utafuata.

Ichukue ile 18-55 inayouzwa pamoja na kamera; hizo ni milimita, 18 inaona kwa upana na 55 inavuta karibu. Mdomoni imeandikwa 3.5-5.6, namba za tundu: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukiwa kwenye 18 tundu linafika f/3.5, lakini kadiri unavyovuta linabana, na ukifika 55 haliwezi kupita f/5.6. Yaani pale hasa unapoutaka uso wa mchezaji, ndipo lenzi inapokunyima mwanga. Lenzi ya zumu yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho inaingiza mwanga mara 4 ya hiyo. Kwa taa zilezile na ISO ileile (wepesi wa kamera kupokea mwanga), mwenye f/5.6 akilazimika kupiga kwa shata ya 1/60, yaani mwanga uingie kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, mwenye f/2.8 anapiga kwa 1/250.

Na sindimba, ngoma ya Wamakonde, haipigiki kwa 1/60. Mtazameni mchezaji: kichwa kimetulia, mabega yametulia, kiuno ndicho kinachokwenda. Kwa 1/60 uso utatoka safi na kiuno kitafutika, na kiuno ndicho ngoma yenyewe! Anzieni 1/250. Akiruka, pandeni 1/500. Muuzaji atakusifia lenzi kwamba ina kizuia mtikisiko. Ni kitu kizuri, lakini kinatuliza mkono wako tu. Mchezaji hakimgusi.

Sasa uchaguzi. Kwenye tamasha kama MaKuYa, wanapokutana Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu ni wengi na huruhusiwi kusogea utakavyo. Hapo 70-200 ya f/2.8 ndiyo kazi yake. Ukumbini, ukiruhusiwa kufika mbele, 24-70 ya f/2.8 inakutosha, na kwa mwenye fedha ya lenzi moja tu ningeanza na hii. Wenye kamera za sensa ndogo (sensa ni kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera) mkumbuke kuzidisha milimita za lenzi kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon: kwa 1.5, 70 yenu inaona kama 105, na ndani ya ukumbi mdogo mtajikuta mnatafuta ukuta wa kurudi nyuma.

Bei ya 70-200 ya f/2.8 inauma, najua. Sababu iko kwenye kioo. Gawanya 200 kwa 2.8, unapata karibu milimita 71; huo ndio upana wa tundu unaotakiwa, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa chini ya hapo. Ndiyo maana nyingi zina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Sigma na Tamron huwa nafuu kuliko za Canon na Nikon wenyewe, na zinafanya kazi vizuri.

Wengi mtanunua iliyotumika. Sisi tuko pwani, hewa ina unyevu, na kuvu hupenda vioo. Fungua vifuniko vyote viwili, fungua tundu hadi mwisho, mulika tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele ukiwa umeiinamisha kidogo. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe zinatambaa kama mizizi, iache hata ukipunguziwa bei nusu.

Kwenye matumizi, jambo linaloharibu picha nyingi ni pazia jeusi. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na uso wa mchezaji unaungua kwa weupe. Wekeni kila kitu kwa mkono: tundu f/2.8, shata 1/250, kisha pandisheni ISO mpaka uso ukae sawa. ISO 3200 au 6400 zisiwatishe. Chenga, zile punje zinazoletwa na ISO kubwa, zinapunguzika kwenye kompyuta. Picha iliyofutika haina dawa. Taa nyekundu za LED zikiwaka, punguzeni mwanga kidogo na mpige RAW, faili ghafi ya kamera, maana wekundu huungua mapema na ngozi inabaki bila umbile.

Jingine: lenzi nyingi za picha zikivutwa hupoteza fokasi. Vuta kwanza, ndipo ushike fokasi, kwenye jicho. Kwa 200 na f/2.8 kina cha ukali, yaani eneo linaloonekana kali mbele na nyuma ya fokasi, ni kidogo sana. Ukishika ncha ya kofia, macho hayamo.

Flashi zimeni. Inafuta taa alizopanga fundi wa jukwaa na inamchoma mchezaji machoni. Na midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, msiichukulie kama onyesho la jukwaani tu: ikichezwa penye shughuli ya jando, ombeni ruhusa kwa wenyewe kabla ya kutoa kamera kwenye mkoba. Wakikataa, imekwisha hapo.

Nimeulizwa hapa kuhusu 70-200 ya f/4. Ni nyepesi na bei yake inabebeka. Kwa ngoma za jioni, jua halijazama, inunueni bila wasiwasi. Usiku, ile 1/250 yenu itakuwa 1/125, na kwa sindimba hiyo ni bahati nasibu.