Nani Kamtoa Nani? Kitenzi Kimoja cha Kiingereza Mezani kwa Mfasiri

Wazee wangu shikamooni. Vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumze na wafasiri wanaoanza kazi hapa Dar es Salaam, nami nimechagua kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "withdraw". Kina vipande viwili. "Draw" ni kuvuta. "With" hapo si ile ya "pamoja na". Ni ya kale, ya kwenda kinyume, kuachana na kitu. Basi Mwingereza anaona kitu kinavutwa kirudi. Nani anavuta, kwa hiari au kwa kubanwa, kitenzi hakisemi. Kiswahili kinataka kulijua hilo kabla hujafungua mdomo.

Benki ni rahisi. Kwa wakala Kariakoo hutasikia "uondoaji wa fedha", utaulizwa, "unaweka au unatoa?" Tatizo ni kwamba kutoa pia ni kumpa mtu. "Nimetoa laki moja" yaweza kuwa kwenye akaunti, yaweza kuwa mchango wa harusi, na mji huu ulivyo, mara nyingi ni yote mawili siku hiyo hiyo.

Mambo yanakolea tukifika kwenye madaraka. Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akaushika. Hapo tunasema alijiuzulu. Mwaka 1985 akaacha urais, na hapo tunasema aling'atuka, neno alilotuletea kutoka kwao, Uzanaki. Mtu ni yule yule na hiari ni ile ile; kwa nini vitenzi viwili? Kuuzulu ni kumwondoa mtu kwenye cheo. Anayejiuzulu anajifanyia mwenyewe jambo ambalo kwa kawaida mtu hufanyiwa, ndiyo maana neno hilo lina harufu ya msukosuko hata pasipo na msukosuko. Waziri Mkuu Lowassa, Februari 2008, katikati ya kashfa ya Richmond, alijiuzulu. Ukiandika aling'atuka watu watacheka. Kung'atuka ni kwa aliyekwisha kutumikia, anayewapisha wengine bila kusukumwa. Kwa hiyo nikisoma kichwa cha habari "Wamtaka ang'atuke", najiuliza: huyo anang'atuka au anang'olewa?

Mahakamani nitakaa kidogo, maana huko ndiko wengi wenu mtakakolipwa. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, nyaraka za kufasiri ni nyingi. Upande wa mashtaka ukiiondoa kesi kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiwa, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Ukiiondoa baada ya hapo, hesabu ni nyingine: hana hatia. Sasa mfasiri anaandika "kesi imefutwa". Kilichofutwa, kwa masikio ya mwananchi, hakipo tena. Ndugu wanapiga vigelegele nje ya Mahakama ya Kisutu, na kabla hawajafika kituo cha daladala kijana wao kakamatwa upya. Wanadhani sheria imevunjwa, kumbe wamepotoshwa na kitenzi. Andikeni "imeondolewa", na matokeo yake yaandikeni wazi. Bungeni, kwa upande mwingine, "futa kauli yako" imekaa vizuri, maana Spika anataka maneno yale yahesabiwe kama hayakusemwa.

Hospitali pia ina mtego wake. Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aachane na heroini, mwaka 2011 kwa watu waliokuwa wakitumia heroini. Vitabu vya tiba hiyo vimejaa kitenzi chetu hiki. Ukifasiri "withdrawal symptoms" kuwa "dalili za kujiondoa", mgonjwa atadhani anaulizwa kama anataka kuacha kliniki. Maskani, vijiweni mwa watumiaji, wana neno lao kwa hali ya kukosa dawa, arosto: viungo kuuma, makamasi kuchuruzika, tumbo kuendesha, usingizi kutoroka. Wapo watakaosema ni neno la wahuni. Mimi ningeliandika kwenye kipeperushi bila hata alama za kunukuu, kwa sababu anayekisoma ndiye anayeliumwa.

Itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani, mafungo ya Wakristo, maji ya bahari kupwa: hayo nayo ni "withdraw", lakini hayana ubishi, napita.

Nimalizie na vita. Novemba 1978 Idi Amin, rais wa Uganda, alitangaza kwamba anaondoa majeshi yake Kagera, ardhi ya Tanzania aliyoivamia. Mzee yeyote aliyepigana kule atakwambia hawakuondoka, walitimuliwa. Mfasiri afuate lipi? Yote mawili, kila moja mdomoni mwa mwenyewe. Tangazo la Kampala ni "anaondoa", hata kama huliamini hata chembe, maana ukiweka "anakimbia" umemfanya Amin akiri jambo ambalo hakukiri. Simulizi ya mpiganaji ni "tuliwatimua", na ukiilainisha iwe "waliondoka" umemnyang'anya mzee vita vyake. Mkifika mahali mnapoandika kwa sauti yenu, bila kumnukuu mtu, hapo chagueni wenyewe, na muwe tayari kutetea mlichochagua.

Karatasi mlizogawiwa zina sentensi za aina hiyo, na hazisemi msemaji ni nani. Zifanyeni wawili wawili, halafu tubishane.