Kila Ngumi Ina Bei: Namna Ninavyozipa Filamu Alama

Wazee wetu mlioketi hapa mbele, walimu wenzangu, dada na kaka zangu, na nyinyi vijana mliobanana kule nyuma, shikamooni na hamjambo. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Mwaka 2006 ilitoka filamu ya jasusi James Bond iitwayo Casino Royale. Haijafika mbali, maandishi yanatokea kwenye skrini: Mbale, Uganda. Ni usiku, mvua inanyesha, kuna kambi ya wapiganaji porini na vijana wenye bunduki wamezunguka mashine ya mchezo. Mara ya kwanza nilipoiona niliinuka kwenye kiti. Mji wetu huu, tunaonunua ndizi na kupandia matatu kila siku, umeandikwa kwenye filamu inayotazamwa dunia nzima! Nikangoja nimwone Wanale, mlima wetu, akitokea nyuma ya kambi. Hakutokea. Mnara wa saa haukuonekana, wala uso mmoja wa mtu wa sokoni. Kipande kile kilipigwa Uingereza. Na uasi wa miaka ile, kama wazee mnavyokumbuka, ulikuwa kaskazini, Gulu na Kitgum, ukashuka hadi Teso mwaka 2003. Waandishi walihitaji jina tu la mji wa Afrika, wakachukua la kwetu.

Sasa, filamu kama hiyo unaipa alama ngapi? Swali hili naulizwa kila siku njiani. "Mwalimu, ile muvi unaipa ngapi?" Mtu anataka namba, nami nampa, ila namba bila sababu haimsaidii. Wiki tatu hizi nimekaa na daftari, nikairudia hiyo ya Bond na nyingine nne, za mapigano, za uhalifu na moja ya mambo ya ajabu. Leo nataka niwaonyeshe ninapima nini.

Napima bei. Ngumi ikirushwa, nani anailipia? Mtu akifa, kuna yeyote anayebaki na mzigo? Filamu ambayo watu wake hawalipi chochote, hata ikilipua magari 50, kwangu haipiti alama 4 kati ya 10.

Nilijifunza hili vibandani, mtaani Namakwekwe, nikiwa mtoto. Mnavijua vibanda vya video: mabenchi ya mbao, turubai dirishani, televisheni moja juu kabisa, na VJ mwenye kipaza sauti anayefasiri kila neno kwa Kiganda. VJ hafasiri tu. Anampa adui jina la mtu wa mtaani, anamwonya shujaa, anapandisha sauti kabla mlango haujafunguliwa, na benchi zima linashika pumzi. Kuna filamu niliipenda kwa miaka mingi, ningeipa 10 bila kufikiri. Nilipokuwa mtu mzima nikaipata nzima, bila VJ. Nilikaa nayo saa moja na nusu. Watu walianguka, wakainuka, wakaanguka tena, na hakuna aliyeumia. Maumivu yote niliyoyakumbuka yalikuwa kwenye koo la yule VJ. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu mbili, moja ya filamu na moja ya VJ, na nawasihi vijana mfanye hivyo hivyo. Kazi ya VJ ni sanaa kamili inayostahili alama zake. Tusimpe mtengeneza filamu jasho la mwingine.

Kuna mahali safu hizo mbili zinaungana. Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, aliyoitengeneza Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala. Nakala iliyozunguka dunia ina sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo hadi mwisho, na ukiiondoa unakuwa umeondoa mfupa. Bunduki zao waliziunda kwa vyuma chakavu, kompyuta Nabwana aliiunganisha mwenyewe. Kuna wanaoipa 10 kwa kumhurumia. Mimi naona huruma hiyo ni dharau. Nimeipa 7 kwa kilichomo ndani: wale vijana wanaruka kweli, na miili yao inagonga ardhi kweli. Hadithi yenyewe imelegea, na Nabwana ni mkubwa wa kutosha kuambiwa hivyo.

John Wick ya mwaka 2014 nimeipa 8. Aliyeiongoza, Chad Stahelski, aliwahi kuwa mbadala wa Keanu Reeves, anayemcheza John Wick, kwenye vipande vya hatari vya The Matrix, kwa hiyo anajua mwili unavyochoka. Tazameni jambo moja tu: risasi zinamwishia John Wick. Anasimama, anabadilisha magazini, na katika sekunde hizo adui anasogea. Sekunde hizo ndizo bei.

Kwenye uhalifu nitakaa kidogo, maana hapa jirani zetu Wakenya wametufundisha. Nairobi Half Life, mwaka 2012, imeongozwa na Tosh Gitonga, na watu wake wanaongea Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD kwa kuwaigizia wateja filamu zilizomo. Mnaona? Ni VJ asiye na kibanda! Anaingia Nairobi atafute uigizaji, siku ya kwanza anaporwa, anakamatwa na polisi, na kule rumande anaamriwa asafishe choo. Choo chenyewe kimefurika. Kamera haitukwepeshi. Mwas anashusha pumzi, kisha anaigeuza kazi ile kuwa mchezo wa jukwaani, na mahabusu waliokuwa wakimdharau wanaanza kumtazama kwa macho mengine. Hapo ndipo uhalifu unapompokea. Baadaye ni vipuri vya magari, kisha magari mazima. Kila hatua tunajua amepewa nini na ametoa nini. Wengi wetu hapa tuna kijana mmoja katika ukoo aliyepanda basi na ndoto akakutana na watu wa aina hiyo. Filamu hii inamheshimu kijana huyo kwa kutomdanganya. Nimeipa 9, na moja niliyoizuia ni kwa sababu wanawake wake wamechorwa kwa haraka.

Ya mambo ya ajabu ni Black Panther, mwaka 2018. Florence Kasumba, aliyezaliwa hapa Uganda, yumo kama Ayo, mlinzi wa mfalme. Kinachonivutia ni kwamba nguvu za mfalme, anazozipata kwa kunywa dawa ya mmea, zina masharti. Akitakiwa kukitetea kiti, anazivua kwanza, anaingia majini kama mtu wa kawaida. Uchawi wenye masharti hunishika. Pambano la mwisho, lile la reli, halinigusi: miili imekuwa ya kompyuta, haina uzito. Alama 7.

Turudi Mbale. Casino Royale ina mbio za Madagaska. Anayekimbizwa ni Sébastien Foucan, mmoja wa waasisi wa ule mchezo wa kuruka vikwazo. Foucan anafika penye ukuta, anapenya kwenye kijitundu juu kama paka. Bond anafuata nyuma, haruki. Anaupasua ukuta kwa mwili wake na kutokea upande wa pili na vumbi. Bila neno hata moja umeshajua hawa ni watu wa namna gani. Hiyo ningeipa 9 pale pale.

Lakini kuna Obanno, yule kamanda wa kambi ya "Mbale", anayechezwa na Isaach de Bankolé. Filamu imemnyima kwao, imemnyima hata sababu ya vita vyake. Kisha inafanya jambo lililonisumbua usingizi. Anapigana na Bond kwenye ngazi za hoteli, panga mkononi, na anakufa pale chini kwa kunyongwa, taratibu, mbele ya Vesper, mwanamke anayefuatana na Bond kazini. Bond anakwenda kujiosha damu, anabadili shati. Baadaye anamkuta Vesper amekaa sakafuni bafuni, nguo zimelowa mwilini, maji yanamwagika, anasema damu haitoki mikononi. Bond anakaa naye pale pale kwenye maji. Kifo cha mtu wa "Mbale" ndicho kifo kinacholipiwa kuliko vingi ndani ya filamu hiyo.

Kwa hiyo wamemwibia mahali pake, wakampa uzito wa kifo chake. Mimi nimeandika namba kwenye daftari, nikaifuta, nikaandika nyingine. Sitawatajia bado. Mmepewa vipande vya karatasi mlangoni. Naomba kaka aliye karibu na swichi azime taa, tuitazame ngazi ile na bafu lile, dakika chache tu. Kila mmoja aandike namba yake na sababu moja chini yake, na asimwonyeshe jirani hadi taa ziwake.