Msalaba wa Ruthwell na mchungaji aliyeokota vipande

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: misalaba ya mawe ya zama za kati haikungoja makumbusho iokolewe. Wa kushukuriwa kwanza ni watu wa vijijini.

Twende Ruthwell, kusini mwa Scotland. Msalaba wake ulichongwa karne ya 8, una zaidi ya mita 5. Mwaka 1640 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland uliamuru sanamu zibomolewe, na haikuchukua muda msalaba ukaangushwa. Vipande vikabaki mle kanisani, baadaye vikatolewa nje makaburini, mvua yao, jua lao. Akaja mchungaji Henry Duncan, yule yule aliyeanzisha benki ya akiba kijijini hapo mwaka 1810. Akavikusanya, akaviunga, na mwaka 1823 akausimamisha msalaba bustanini kwake.

Najua mtaniambia nini, maana sikosi kuambiwa: Duncan alikosea! Ni kweli. Mikono ya msalaba ilikuwa imepotea, akachongesha mipya kwa kukisia, na jiwe la juu kabisa likageuzwa nyuma mbele. Lakini bila yeye mngekuwa na nini cha kukosoa leo? Sogeeni karibu mtazame. Mwanamke ameinama, anapangusa miguu ya Yesu kwa nywele zake, na mchongaji amempa mkono mnene, mkono wa mtu wa kazi. Ubavuni mzabibu unapanda, ndege na wanyama wanakula matunda yake. Pembezoni mwa mzabibu kuna herufi za runi, maandishi ya kale ya kaskazini mwa Ulaya: “Kristo alikuwa msalabani.” Ni mistari ya shairi ambamo msalaba wenyewe ndio unaosimulia. Tungelisoma wapi juu ya jiwe, kama vipande vingeishia kwenye msingi wa zizi?

Mwaka 1887 ukaingizwa kanisani; sakafu ilibidi ichimbwe ndipo ukatosha.

Muda unanibana. Bewcastle na Gosforth, kaskazini mwa Uingereza, misalaba bado iko nje uwanjani. Wa Bewcastle hauna hata kichwa. Mkifika huko, nawasihi, msisugue ule utando wa kijivu unaoota juu ya jiwe kwa brashi ya chuma, utabandua na nakshi. Na mkiona jiwe lililochongwa limejengewa ukutani mwa kanisa lolote la zamani, mwambieni mchungaji wa hapo kabla fundi hajafika na saruji.