Almasi ya Sarafu 300 ni Almasi Gani?

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo mtalisikia tena, maana kila meza mpya ya mchezo inayoanzishwa hapa Arusha huanza na ugomvi uleule: almasi ya kumfufulia mtu ipimwe kwa bei au kwa jiwe lenyewe?

Uchawi wenyewe, wa kumfufua aliyekufa, mnaujua. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mmoja anaigiza mhusika wake kwenye hadithi, toleo la tano la mwaka 2014, mwenzenu akifa vitani mna dakika moja tu. Kuhani anamgusa, anasoma maneno yake, marehemu anainuka. Sharti ni almasi yenye thamani ya sarafu 300 za dhahabu, na almasi hiyo inaliwa, haibaki hata vumbi. Akikaa siku kadhaa, hadi kumi, mnatafuta ya 500. Mkitaka kumfufua aliyekufa miaka mia iliyopita, ya 1,000. Gharama yenyewe siigombi, naitetea. Kifo kikiwa bure, hakuna mchezaji atakayekiogopa. Ninachogombana nacho ni kulipima jiwe kwa bei.

Hebu nendeni asubuhi kwa madalali wa vito kule Mirerani, mji wa migodi ya tanzanite, mkasimame tu mtazame. Dalali anafungua kikaratasi cheupe kilichokunjwa, anachukua tanzanite moja kwa kibano, anaigeuza kwenye mwanga: huku bluu, huku zambarau. Anataja bei. Mnunuzi anataja nusu yake, anageuka kuondoka, anaitwa, anarudi. Wanavutana, hawaelewani. Jioni dalali yuleyule amekumbuka ada ya mtoto, ameshuka. Sasa niambieni, jiwe lile lilikuwa na thamani gani saa tatu asubuhi, na gani saa kumi na moja jioni? Na huo uchawi unaolila jiwe, ulisikia bei ipi?

Hapo ndipo mchezaji anaponyoosha mkono kwa msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia hadithi na kuamua kanuni: "Msimamizi, nimepatana na mwenye duka, almasi ya 300 kanipa kwa 180. Itafanya kazi?" Ukimjibu kwamba bei aliyolipa ndiyo thamani, umemwonea kwa kujua kupatana. Na mjanja aliye kando yake ataichukua punje ya almasi, amuuzie rafiki yake kwa 300, kisha adai ufufuo. Ukimjibu kwamba thamani ni bei ya sokoni, vizuri, soko lipi? Tauni ikiingia mjini, makuhani wote wakazigombea almasi, bei ikapanda mara tatu, basi kijiwe kilichokuwa cha 100 jana leo ni cha 300, na kinamfufua mtu. Yaani almasi zinapoadimika, ndipo kipande kidogo zaidi kinapofaa! Ukigunduliwa mgodi mpya, bei ikaanguka, mnahitaji jiwe kubwa zaidi. Hakuna mchimbaji wala dalali atakayekuelewa ukimweleza hivyo.

Kitabu cha kanuni za mchezo kinasema pia kwamba silaha ukiiuza unapata nusu ya bei, lakini vito vinauzwa kwa bei kamili. Bei kamili! Aliyeandika hivyo hajawahi kumpelekea dalali jiwe akiwa na njaa. Hapo Mirerani, jiwe likitoka ardhini mara nyingi ni la kahawia. Linapashwa moto, linageuka bluu, uzito ni uleule na bei imepaa. Linakatwa, linapoteza sehemu kubwa ya uzito wake, na bei inapanda tena. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer alipata mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, na Serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.74. Usiku wa kuamkia siku ya kuyauza, yalikuwa ya bei gani? Yalikuwa na uzito, rangi na usafi wake. Bei ilikuja pamoja na mnunuzi.

Kwa hiyo mimi mezani kwangu napima jiwe. Aliyekufa dakika hii anahitaji almasi safi, iliyokatwa, ya karati tatu, kile kipimo cha uzito wa vito. Aliyekaa siku kadhaa, karati tano. Bei waulizeni wauzaji. Mkilipata kwa 180, hongereni, faida ni yenu. Mkiwa kwenye mji wa wachimbaji, ufufuo ni nafuu. Mkiwa bandarini mbali na migodi, mtauza farasi. Na hapo mfalme anayezuia almasi zisivuke mpaka amekuwa adui wa kweli, maana amekaa juu ya uhai wa watu.

Najua kuna anayesema: huu ni mchezo tu, futa 300 kwenye karatasi tuendelee. Kama ndivyo, toza sarafu zenyewe, almasi ya nini? Ila ujue unachokipoteza. Almasi ni lazima uwe umeinunua kabla, uko nayo mfukoni mule pangoni mwenzako anapoanguka. Sarafu 300, kwa hesabu ya kitabu hicho, ni pauni 6, karibu kilo tatu za dhahabu begani. Aliyejiandaa anastahili kuonekana kwamba alijiandaa.

Lulu ya sarafu 100, ile ya uchawi wa kutambua vitu vya ajabu, haina shida kubwa. Hailiwi, kundi zima linaazimana moja. Tuiache.

Nilitaka pia kusema juu ya bei za vitu vya ajabu vyenyewe, na muda naona unaniishia. Nitagusia moja tu. Fagio la kurukia, ambalo unalitumia siku zote, kitabu kimeliweka daraja la bei ya sarafu 101 hadi 500. Dawa ya kunywa ukaruka kwa saa moja, kisha basi, imewekwa daraja la 5,001 hadi 50,000. Mwenye duka gani atauza hivyo? Naona mikono imeshanyooshwa. Dada wa pale nyuma, anza wewe, kipaza sauti kinakuja.