Kura, Viti na Uhuru wa Guyana, 1950–1966

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu,

Nimeombwa nizungumzie njia ya kisiasa iliyolifikisha koloni moja la Waingereza, lenye watu wa asili mbalimbali, kwenye uhuru wake. Nimechagua Guiana ya Uingereza, nchi ambayo tangu tarehe 26 Mei 1966 inaitwa Guyana. Pengine baadhi yenu mlitarajia Kenya au Zanzibar. Guyana iko mbali nasi, kwenye pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini, lakini si ngeni kabisa katika jiji hili: Walter Rodney, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizaliwa Georgetown mwaka 1942, akalelewa katika nyumba ya wafuasi wa PPP, chama nitakachokieleza leo.

Imezoeleka kusemwa kwamba Waguyana wenye asili ya Afrika na wale wenye asili ya India walikuwa mahasimu tangu zamani, na kwamba Mwingereza alipokaribia kuondoka uhasama huo ulijitokeza wenyewe. Mimi siikubali kauli hiyo. Mwaka 1953 watu hao walikuwa katika chama kimoja na walishinda uchaguzi pamoja. Walitenganishwa katika miaka 11 iliyofuata, na kila hatua ya kuwatenganisha ina tarehe yake na ina wahusika wake.

Ni kweli kwamba mbegu za manung'uniko zilikuwepo, na ni wajibu wetu kuanza nazo. Utumwa ulipokoma kikamilifu mwaka 1838, watu waliokuwa watumwa katika mashamba ya miwa walianza kununua ardhi kwa akiba zao. Mwezi Novemba 1839 watu 83 walichanga fedha wakanunua shamba lililoachwa na mwenyewe, wakaanzisha kijiji kilichoitwa Victoria, na vijiji vingine vikafuata mfano huo. Wenye mashamba hawakufurahia kuona vibarua wanaoweza kudai ujira bora au kukataa kazi. Tayari mwezi Mei 1838 meli mbili, Whitby na Hesperus, zilikuwa zimeleta vibarua wa mkataba kutoka India, na hadi utaratibu huo ulipokomeshwa mwaka 1917 Wahindi wapatao 239,000 walikuwa wameingia. Wareno wa Madeira na Wachina walikuja pia, kwa idadi ndogo zaidi. Jambo ninalotaka mlitie maanani ni kwamba sehemu ya gharama ya kuwaleta vibarua hao ililipwa na hazina ya koloni, ambayo watu waliotoka utumwani waliichangia kwa kodi zao. Walitozwa fedha ili waletwe watu wa kushusha ujira wao. Naye Mhindi aliyefungwa na mkataba wa miaka 5, akilala katika mabanda yale yale yaliyokuwa ya watumwa, hakuwa na habari kwamba kuwapo kwake kunamuumiza mtu mwingine. Hakuna kati yao aliyepanga mambo hayo. Yalipangwa na wenye sukari.

Baada ya karne moja, Wahindi walikuwa wanakaribia nusu ya wakazi na wengi wao walibaki mashambani, ilhali Waafrika, waliokuwa takriban theluthi moja, walikuwa wengi zaidi mjini, bandarini, katika machimbo ya boksiti, yaani mawe yanayotoa madini ya aluminiamu, katika polisi na katika utumishi wa serikali. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao wengi wao waliishi bara kwenye misitu na mbuga, hawakuhesabiwa sana katika siasa za pwani. Hilo lenyewe ni dhuluma inayostahili mhadhara wake, nami sitajidai kuitendea haki hapa.

Mtu aliyejaribu kuziunganisha pande mbili hizo kubwa alikuwa Cheddi Jagan, mtoto wa wafanyakazi wa shamba la miwa la Port Mourant, aliyesomea udaktari wa meno Marekani na kurejea mwaka 1943. Alimwoa Janet Rosenberg wa Chicago, ambaye alikuwa mwanasiasa kamili kwa haki yake mwenyewe. Mwaka 1946 walishirikiana na wenzao kuunda kamati ya mambo ya siasa, na mwaka uliofuata Jagan alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Kisha likaja tukio la shamba la miwa la Enmore. Wakata miwa walikuwa wamegoma wakipinga utaratibu uliowalazimisha wakate miwa na kuipakia wenyewe kwenye mashua, na tarehe 16 Juni 1948 polisi waliwafyatulia risasi, wakaua wafanyakazi 5. Jagan aliongoza maandamano ya mazishi kwa miguu hadi Georgetown, na baadaye alieleza kwamba mbele ya makaburi yale aliapa kuwatetea watu hao maisha yake yote. Wafu walikuwa Wahindi, lakini mjini Waafrika nao walijiunga katika maombolezo.

Januari 1950 kamati ile iligeuka kuwa chama cha PPP, yaani Chama cha Maendeleo cha Umma. Kiongozi wake alikuwa Jagan, mwenyekiti alikuwa Forbes Burnham, mwanasheria kijana mwenye asili ya Afrika aliyekuwa ametoka masomoni London, na katibu mkuu alikuwa Janet. Wakati huo huo tume ya Uingereza iliyoongozwa na Waddington ilipendekeza kila mtu mzima awe na haki ya kupiga kura, na katiba mpya ikaandikwa kwa msingi huo. Tarehe 27 Aprili 1953 PPP ilipata asilimia 51 ya kura na viti 18 kati ya 24. Hiyo ndiyo kura ya kwanza ya watu wote katika nchi ile, na katika kura hiyo Mwafrika wa mjini na Mhindi wa shambani walichagua chama kimoja. Naomba tusiupite ushindi huo haraka, maana wanaosimulia uhasama wa asili huuruka.

Serikali hiyo ilidumu siku 133. Ilifuta sheria ya kuzuia vitabu vilivyoonekana vya hatari na ikaleta muswada wa kuwapa wafanyakazi haki ya kuchagua kwa kura chama cha wafanyakazi kitakachowawakilisha mbele ya waajiri. Kwa makampuni ya sukari jambo hilo halikuvumilika. London, serikali ya Churchill ilidai kwamba kuna njama ya kikomunisti, na hata kwamba kulikuwa na mpango wa kuuchoma moto mji wa Georgetown. Tarehe 9 Oktoba 1953 katiba ilisimamishwa, mawaziri wakafukuzwa, huku wanajeshi wa Uingereza wakiwa wameshashuka nchini. Waziri wa Makoloni aliyesimamia hatua hiyo, Oliver Lyttelton, ndiye pia aliyekuwa akisimamia hali ya hatari ya Kenya. Jagan na Burnham walisafiri pamoja hadi London na India kuomba msaada. Waliporudi, watu wa chama waliwekewa mipaka ya kutembea, na Jagan alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kuivunja.

Tume nyingine ya Uingereza, ile ya Robertson ya mwaka 1954, ilishauri kwamba nchi isirudishiwe katiba yake kwa muda usiojulikana. Tume hiyo iliwagawa viongozi wa PPP katika makundi mawili, wakomunisti na wasoshalisti wa wastani, ikimweka Burnham katika kundi la pili. Sisemi kwamba Burnham alinunuliwa. Alikuwa na tamaa ya uongozi tangu mwanzo na asingehitaji kushawishiwa sana. Ninachosema ni kwamba aliambiwa waziwazi mlango upi ungefunguliwa, na kwa nani. Mwaka 1955 chama kikapasuka. Mwanzoni mpasuko huo haukufuata asili, kwani kila upande ulikuwa na viongozi wa makabila yote mawili. Lakini uchaguzi wa mwaka 1957 ulipofika, kundi la Jagan likapata viti 9 kati ya 14 na la Burnham viti 3 tu, Burnham alianzisha chama cha PNC (People's National Congress) na kuwategemea zaidi wapiga kura wa mjini. Huko vijijini nako, katika kampeni za PPP, ulisikika msemo wa Kihindi apan jaat, yaani mpigie wa jadi yako. Ninampenda Jagan na sifichi, lakini chama chake kiliuacha msemo huo ukiwafanyia kazi wapiga debe wake, na gharama yake ililipwa na watu wasio na hatia.

Uchaguzi wa Agosti 1961 ulikusudiwa kuwa wa mwisho kabla ya uhuru. PPP ilipata asilimia 42.6 ya kura na viti 20 kati ya 35. PNC asilimia 41 na viti 11. Na chama cha mfanyabiashara Peter D'Aguiar, United Force, asilimia 16 na viti 4. Kwa utaratibu wa Kiingereza wa kila jimbo kumpata mshindi wake, PPP ilishinda kihalali. Oktoba mwaka huo Jagan alikwenda Washington kuonana na Rais Kennedy wa Marekani. Hakupata msaada aliouomba, na kwa mujibu wa nyaraka za serikali ya Marekani zilizofunguliwa baadaye, Wamarekani waliamua kwamba hawataki nchi hiyo ipate uhuru chini yake. Februari 1962 ghasia za kupinga bajeti ziliteketeza sehemu ya biashara ya Georgetown. Mwaka 1963 mgomo wa siku 80, uliosaidiwa kwa fedha za siri za shirika la ujasusi la Marekani, uliikaba serikali. Juni mwaka huo Kennedy alimshinikiza Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza, ana kwa ana huko Birch Grove, nyumbani kwa Macmillan.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Oktoba 1963 mkutano wa katiba uliitishwa London. Viongozi watatu waliposhindwa kukubaliana, walitia saini barua ya kumwomba Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, aamue yeye. Mpaka leo sielewi vyema kwa nini Jagan alitia saini, ingawa yeye mwenyewe alieleza kwamba aliamini Waingereza wangetenda haki. Sandys aliamua kwamba utafanyika uchaguzi mwingine kabla ya uhuru, na kwamba viti vitagawanywa kwa uwiano wa kura nchi nzima, badala ya majimbo. Hoja yake ilikuwa kwamba mfumo huo ungepunguza siasa za asili.

Sasa tazameni upande wetu wa Bahari ya Hindi. Miezi mitatu kabla ya uamuzi huo, Julai 1963, Zanzibar ilifanya uchaguzi ambamo chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na muungano wa vyama pinzani vya ZNP na ZPPP. Waziri wa Makoloni alikuwa Sandys yuleyule. Visiwani, pengo kati ya kura na viti halikuonekana kuwa sababu ya kubadili kanuni, na uhuru ukatolewa Disemba kwa kanuni ileile. Guiana, pengo dogo zaidi likawa sababu tosha. Kama usawa wa kura ungekuwa ndilo jambo lenyewe, ungetumika kote kuwili.

Kati ya Februari na Julai 1964, wakata miwa walipogoma, mauaji ya kulipizana yalienea. Mwezi Mei, huko Wismar karibu na machimbo ya boksiti, Wahindi walishambuliwa na nyumba zao kuchomwa. Julai, mashua ya Sun Chapman iliyobeba Waafrika ililipuliwa mtoni, watu zaidi ya 40 wakafa. Mwaka huo watu wasiopungua 170 waliuawa, na maelfu walihama vijiji walimozaliwa, kila kundi likienda kwa watu wake. Vijiji vya mchanganyiko vilivyokuwa vimedumu kwa vizazi vilikwisha ndani ya miezi michache.

Tarehe 7 Disemba 1964 kura zikapigwa. PPP ilipata asilimia 45.8, zaidi ya mwaka 1961, na viti 24 kati ya 53. PNC ilipata 22 na United Force 7. Jagan alikataa kujiuzulu, amri ya Malkia ikaibadili katiba ili aondolewe, na Burnham akawa Waziri Mkuu kwa muungano na D'Aguiar. Usiku wa uhuru, bendera mpya ilipopandishwa, Burnham na Jagan walikumbatiana mbele ya umati. Ilikuwa imetimia miaka 2 tangu juma la Wismar.

Muungano ule haukudumu, na kuanzia mwaka 1968 chaguzi za Guyana ziliharibiwa kwa kura za udanganyifu. Rodney, aliyerudi kwao mwaka 1974 na kusaidia kujenga chama kilichowaunganisha tena Waafrika na Wahindi, aliuawa kwa bomu Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Kura iliyohesabiwa kwa haki ilipatikana tarehe 5 Oktoba 1992. Jagan, akiwa na umri wa miaka 74, alipata zaidi ya nusu ya kura zote, zikigawanywa kwa uwiano, kwa kanuni ileile aliyowekewa na Sandys.