Jaji Aliyebandikwa Njaa

HAMISI: Dada Zuhura, leo naanza na jina. Hammarskjöld. Kipande cha mbele ni nyundo, cha nyuma ni ngao.

ZUHURA: Hilo jina si la Dag, yule katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa?

HAMISI: Dag ni mtoto wake. Leo tuna mzee mwenyewe, Hjalmar, waziri mkuu wa Sweden tangu Februari 1914 hadi Machi 1917. Watu walimchoka mpaka wakang'oa nyundo kwenye jina lake wakapachika njaa. Hungerskjöld.

ZUHURA: Ngao ya njaa! Hapo mtu amesemwa.

HAMISI: Na wala hakuwa mjinga. Amezaliwa 1862, akawa profesa wa sheria Uppsala, waziri wa sheria 1901, mwaka uliofuata akapewa kuongoza Mahakama ya Rufaa ya Göta, mjini Jönköping. Dag alizaliwa hukohuko, 1905. Tena mzee alikuwa kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi kule The Hague, ile inayoamua ugomvi kati ya nchi na nchi.

ZUHURA: Tupe kesi basi, kaka. Vyeo havina utamu.

HAMISI: Casablanca, Moroko, Septemba 1908. Askari sita wametoroka kikosi cha Ufaransa kinachoandikisha wageni, wakiwemo Wajerumani. Ubalozi mdogo wa Ujerumani unawapeleka bandarini wapande meli. Kwenye mashua tu, mawimbi yakawapindua.

ZUHURA: Wamelowa chapachapa.

HAMISI: Wanarudi ufukweni, Wafaransa hawa hapa. Wakavutana, hadi bastola ikatolewa. Berlin na Paris zikapandishiana sauti. Kesi ikafika mbele ya jopo ambalo Hjalmar ndiye mwenyekiti, na Mei 1909 hukumu ikatoka. Ujerumani mmekosea, kwa sababu kati ya wale sita wapo wasio Wajerumani, na hao hamkuwa na haki ya kuwatorosha. Ufaransa nanyi mmekosea, hamkuheshimu vya kutosha ulinzi wa ubalozi. Ila askari mnao, kaeni nao.

ZUHURA: Kila mtu kaondoka na aibu yake mfukoni.

HAMISI: Na wakakubali! Hilo ndilo nataka ulishike. Jaji wa usuluhishi anafanya kazi na watu waliokwisha kukubali kuhukumiwa.

ZUHURA: Uwaziri mkuu ulimpataje? Alikuwa na chama?

HAMISI: Hana. Februari 1914 wakulima zaidi ya 30,000 wanaandamana Stockholm wakitaka jeshi liimarishwe. Mfalme Gustaf wa Tano anawahutubia uani kwa kasri na kumpinga waziri mkuu wake mwenyewe, Karl Staaff. Staaff akajiuzulu. Mfalme akatafuta mtu asiye wa chama, akaangukia kwa jaji wetu. Miezi sita haijatimia, vita kuu hii hapa.

ZUHURA: Ehee.

HAMISI: Sweden haipigani, lakini Waingereza wamefunga bahari. Wanasema: mkitaka shehena zipite, tuhakikishieni hazitavuka kwenda Ujerumani. Hjalmar anajibu kwa sheria: nchi isiyofungamana ina haki ya kufanya biashara na pande zote.

ZUHURA: Na kisheria alikuwa na hoja.

HAMISI: Alikuwa nayo, hata mimi namwonea huruma.

ZUHURA: Mimi hapana, kaka. Nyama na samaki wa Sweden walikuwa wakiuzwa Ujerumani wakati huohuo. Mama aliye kwenye foleni na mtoto mgongoni, hoja ya The Hague atailia na nini?

HAMISI: Haya, hilo nalikubali. 1916 sukari inatolewa kwa kadi, Januari 1917 mkate nao kwa kadi. Marcus Wallenberg, yule mwenye benki, anatoka London na mapatano ya biashara na Waingereza mkononi. Ndugu yake Knut, aliye waziri wa mambo ya nje wa serikali hiyohiyo, anayaunga mkono. Hjalmar akakataa.

ZUHURA: Akamkatalia waziri wake!

HAMISI: Ndani ya baraza lake. Kisha akaomba Bunge kroni milioni 30 za kulinda mipaka, Bunge likampa 10. Machi 30 akawa ameondoka.

ZUHURA: Unajua shida yake naiona wapi? Alihukumu vita kama kesi. Wale wenye manowari hakuna aliyeleta shauri kwake.

HAMISI: Na alijua hivyo, nadhani. Ila hakuwa na kazi nyingine aliyoijua vizuri kuliko hiyo.

ZUHURA: Akaishia wapi?

HAMISI: Alirudi kuwa mkuu wa mkoa Uppsala hadi 1930. Familia ilikaa kwenye kasri la mkoa, na Dag 1917 alikuwa na miaka 11.

ZUHURA: Kwa hiyo lile jina la njaa lazima alilisikia njiani kwenda shule.

HAMISI: Sitashangaa. Sasa sikia hii. Mzee alikuwa na kiti Akademi ya Sweden, ile inayotoa Tuzo ya Nobel ya fasihi, kiti namba 17. Akafa 1953. Mwaka uliofuata kiti akapewa Dag, ambaye tayari yuko New York. Na desturi yao, anayeingia humzungumzia aliyemtangulia.

ZUHURA: Akasimama kumhutubia baba yake?

HAMISI: Desemba 1954. Miaka saba baadaye ndege yake ikaanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, akiwa njiani kukutana na Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo. Naye alikuwa anakwenda kusuluhisha.

ZUHURA: Subiri, Hamisi. Turudi kwenye Ndola wiki ijayo, hiyo dakika mbili haziitoshi.